Diorama: Brashi inapofanya kazi ya taa

DIORAMA ni mandhari iliyoundwa kwa vipimo vidogo kuliko vya vitu halisi: chumba, barabara au uwanja wa vita unaoweza kuwekwa juu ya meza. Jina lenyewe lilianzia Paris mwaka wa 1822, Louis Daguerre na Charles Bouton walipofungua jumba ambamo watazamaji waliketi gizani mbele ya kitambaa kikubwa kilichopenyeza nuru na kuchorwa pande zote mbili. Madirisha yalipofunguliwa na kufungwa, mchana uligeuka usiku mbele ya macho yao. Jumba hilo liliteketea mwaka wa 1839.

Waundaji wa mandhari ndogo walirithi jina hilo pamoja na tatizo la mwanga, kwani mwanga haupunguzwi kama vipimo vya nyumba. Sanamu ya askari kwa kipimo cha moja kwa 35 huwa na kimo cha sentimita tano hivi. Chini ya taa ya kawaida, vivuli vya mikunjo ya koti lake huwa hafifu mno, na sanamu huonekana kama kipande cha plastiki. Kwa hivyo vivuli hivyo hupakwa kwa mkono.

Njia iliyozoeleka ni kuipaka sanamu nzima rangi nyeusi, kisha kuipulizia nyeupe kutoka juu pekee, upande ambao jua lingekuwa. Palipofikiwa na nyeupe ni mwanga, palipobaki peusi ni kivuli. Rangi za nguo na ngozi, zikiwa nyepesi, hupakwa juu ya ramani hiyo.

Usiku ndio mtihani wenyewe. Tuseme fundi ameunda mama aliyeinama kando ya koroboi. Mwali hauna budi kuwa mahali peupe kuliko pote katika mandhari nzima. Mikono iliyo karibu hupata manjano, uso hupata rangi ya chungwa, na mabega huishia kwenye hudhurungi, kwa kuwa umbali ukiongezeka maradufu mwanga hubaki robo. Mgongo haupati kitu. Wanaoanza hukosea hapa: huchukua sanamu iliyokwisha kupakwa kana kwamba ni adhuhuri, wakaiongezea rangi ya chungwa, na mama wa watu akaonekana kama aliyemwagikiwa na mchuzi. Giza hutangulia, taa ikafuata. Mwenye shaka na aweke tochi ndogo mahali pa koroboi, azime taa za chumba, apige picha na kuifuata picha hiyo.

Mmarekani Sheperd Paine, aliyefariki mwaka wa 2015, alijulikana kwa kuzifungia mandhari ndani ya sanduku lenye uwazi mbele na taa zilizofichwa. Mtazamaji huona kupitia upande mmoja tu, na fundi huamua mwanga utoke wapi.

Kuhusu vitu vya kuwekwa ndani, kosa kubwa ni wingi. Kila kifaa sharti kiwe na sababu ya kuwepo, na kilingane na vingine kwa kipimo. Punje ya mchanga ya milimita moja, kwa kipimo cha moja kwa 35, ni kokoto ya sentimita tatu na nusu.

Hakuna aliyelizingatia jambo hili kwa umakini kuliko Frances Glessner Lee (1878-1962), tajiri wa Chicago aliyesaidia kuanzisha idara ya tiba ya kisheria katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka wa 1931. Katika miaka ya 1940 aliunda vyumba vidogo vya vifo vya kutatanisha, kwa kipimo cha moja kwa 12, ili kuwafunza wapelelezi. Soksi za marehemu alizifuma kwa sindano nyembamba mno. Kwake rangi ilikuwa ushahidi: mabaka ya damu iliyotuama chini ya ngozi huonyesha maiti ililala vipi, na iwapo ilihamishwa. Katika jiko mojawapo, mwanamke amelala sakafuni, mabomba ya gesi yamefunguliwa na milango imezibwa kwa magazeti. Uso wake ni mwekundu, rangi ambayo sumu ya gesi huiacha. Je, alijiua au aliuawa? Asiyejua kusoma rangi hiyo angeweza kumwachilia muuaji au kumfunga asiye na hatia.

Vyumba 18 vimehifadhiwa katika afisi ya mkuu wa uchunguzi wa vifo wa jimbo la Maryland, mjini Baltimore, na majibu yake hayatangazwi kwa sababu vingali vinatumika kufundishia. Vilipotayarishwa kwa maonyesho ya mwaka wa 2017 katika jumba la Renwick, Washington, balbu za zamani, ambazo joto lake lilikuwa likiviharibu, ziliondolewa na taa za LED zikawekwa. Wahifadhi walilazimika kuzirekebisha taa hizo mpya ili mwanga ufanane na ule aliouchagua Lee.