Lile Ini Ulilomtupia Mbwa

Likizo iliyopita nilikuwa shambani kwa mjomba, Mwandiga, nje kidogo ya mji wa Kigoma. Tukachinja mbuzi. Mjomba alipotoa ini akakuta vifuko vya maji, vyeupe. "Hili halifai kwa mtu," akasema, akalirusha. Mbwa akalidaka hewani.

Nikamwambia, "Mjomba, hilo usingempa." Akacheka. "Sasa mbwa ana shida gani? Si ndiyo chakula chake!"

Hata kwenu ingekuwa hivyohivyo, kubali tu. Tumezoea kwamba mbwa hula mizoga, utumbo, hata kinyesi. Waislamu wa Ujiji watakwambia udenda wake ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Lakini akila ini bovu, ndani yake kunatokea nini?

Katika miaka ya 1850, Mjerumani Carl von Siebold aliwalisha mbwa vifuko kama vile. Alipowapasua baadaye, akakuta tegu matumboni mwao, wenye urefu wa milimita chache tu. Yaani kile kifuko ni tegu mchanga! Mbwa haonyeshi dalili, ila anatoa mayai kwenye kinyesi. Mbuzi anayala pamoja na majani, na mzunguko unaanza upya. Mtoto naye akimpapasa mbwa kisha akatia vidole mdomoni, vifuko vinaweza kuota kwenye ini au mapafu yake, polepole, kwa miaka.

Iceland iliteseka sana kwa ugonjwa huu. Mwaka 1863 Harald Krabbe kutoka Denmark alikwenda huko, akapasua mbwa 100, na 28 walikuwa na tegu huyo. Mwaka uliofuata kijitabu chake kikagawiwa wananchi, kisha sheria zikafuata mwaka 1869 na 1890. Mbwa wakapunguzwa na kupewa dawa ya minyoo, viungo vyenye vifuko vikazikwa au kuchomwa. Kufikia katikati ya karne ya 20, ugonjwa ulikuwa karibu umetoweka.

Jirani zetu Waturkana wa Kenya walikuwa miongoni mwa walioathirika zaidi duniani. Kwao mbwa alikuwa pia mlezi: mtoto akijisaidia au akitapika, mbwa humlamba akawa safi. Mwaka 1983 AMREF ilianza mpango wa kuudhibiti ugonjwa huko, kwa elimu, kupima watu kwa altrasaundi na kuwapa mbwa dawa ya prazikwanteli.

Ni kweli, si kila kifuko ni cha tegu huyu. Lakini kwa macho utajuaje?

Jioni ile mjukuu wa mjomba, wa miaka mitatu, alikuwa amemkumbatia mbwa yuleyule, analambwa uso. Safari hii mjomba hakucheka. Mapafu yalikuwa bado kwenye beseni, nayo yana vifuko. Akachukua jembe mwenyewe, akachimba shimo refu, akayafukia na kuweka mawe juu. Kesho yake tukaenda kutafuta dawa ya mbwa.