Chokaa ya Mji Mkongwe na Kipimo cha Pumzi

Historia ya Mji Mkongwe wa Unguja huandikwa mara nyingi kwa majina ya masultani na matajiri, ilhali kuta zenyewe, zikiwemo za Beit al-Ajaib iliyojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, zilisimama kwa jasho la wachomaji chokaa, ambao ni nadra kutajwa. Ufundi wao huanza kwa kupanga magogo katika duara na kurundika juu yake mawe ya matumbawe, kisha rundo hutiwa moto hadi mawe yabaki chokaa hai, yaani chokaa isiyokutana bado na maji, ambayo huunguza ngozi na macho. Chokaa hiyo huzimwa kwa maji au kwa unyevu wa hewa, ikapasuka na kuwa unga, na unga huo huchekechwa kabla ya kuchanganywa na mchanga na udongo mwekundu. Anayechoma huvuta moshi. Anayechekecha huvuta vumbi linalowasha koo na kuleta kikohozi, na kitambaa alichojifunga puani hulizuia kwa sehemu tu.

Njia ya kupima madhara hayo katika mapafu si mpya: Mji Mkongwe ulipokuwa ukitajirika kwa karafuu, daktari John Hutchinson wa London alitangaza, mwaka 1846, spiromita, yaani chombo cha kupimia hewa ya mapafu, ambacho sehemu yake iliyopinduliwa ndani ya maji iliinuka kadiri mtu alivyopuliza. Baada ya kupima watu zaidi ya 2,000, alionyesha kwamba hewa ambayo mtu huweza kuitoa kwa pumzi moja huongezeka kulingana na kimo chake na hupungua akiwa na kifua kikuu. Mwaka 1947 Mfaransa Robert Tiffeneau alielekeza macho kwenye hewa itokayo katika sekunde ya kwanza, kwa kuwa njia za hewa zikibana, hewa hiyo ndiyo hupungua zaidi. Leo vipimo hivyo viwili huchukuliwa kwa spiromita ya mkononi, na ni rahisi kuifikisha hata kwenye tanuri la shamba.

Katika Afrika Mashariki thamani ya kipimo hiki mahali pa kazi ilidhihirika mapema: utafiti uliochapishwa mwaka 1978 uliitumia spiromita kuchunguza wafanyakazi wa viwanda vya katani vya Tanzania, ambao vumbi la nyuzi liliwabana kifua. Tatizo lilikuwa kigezo cha kulinganishia. Tangu karne ya 19 madaktari wa Marekani walidai kwamba mapafu ya watu weusi ni madogo kwa asili, na dai hilo, lililotumiwa na daktari Samuel Cartwright kutetea utumwa, liliacha alama katika hesabu za spiromita hadi chama cha madaktari wa mapafu cha Marekani kilipopendekeza, mwaka 2023, hesabu zisizotenganisha watu kwa rangi. Hesabu iliyotenganisha watu kwa rangi ilikuwa hatari, kwani iliweza kuyaita ya kawaida mapafu yaliyokwisha kuharibika.

Kigezo kilicho bora kwa mfanyakazi ni pumzi yake mwenyewe ya awali. Ukarabati wa Mji Mkongwe ungali unahitaji chokaa, kwa kuwa saruji huzuia unyevu kutoka katika kuta za mawe; basi wanaosimamia kazi hiyo wawapime wachomaji na wachekechaji kabla hawajaianza, na kila mwaka baada ya hapo.