Swali la Ukoo

Ewe msomaji, ukifika Kericho au Bomet utaona kuwa salamu za watu wa huko haziishii katika neno moja. Mkipsigis hukuamkia, “Chamge”, nawe hujibu, “Chamge mising”. Kisha hukuuliza hali ya watoto, ya mama na ya mifugo. Ukiwa mgeni, aghalabu utaulizwa pia ukoo wako. Usidhani huo ni udadisi. Kila ukoo una mnyama wake wa alama, na kwa desturi watu wa ukoo mmoja hawaoani. Basi akujuaye ukoo amekwisha jua kama wewe ni ndugu yake, au ni mtu awezaye kuwa shemeji yake.

Lakini swali hilo hilo liliwahi kugeuzwa kuwa silaha. Ukoo wa Talai ndio uliotoa orkoiik, yaani watabiri na washauri wa Wanandi na Wakipsigis. Serikali ya Waingereza iliwaogopa, kwa kuwa neno lao lilisikilizwa. Mwaka wa 1905 askari wake walimwua Koitalel arap Samoei, aliyewaongoza Wanandi kupinga utawala wa kigeni. Mwaka wa 1914 nduguze waliokaa kwa Wakipsigis walihamishwa. Hatimaye, mwaka wa 1934, ilitungwa sheria ya kuuondoa ukoo mzima. Watu wapatao 700, wake kwa waume, wazee kwa watoto, walipelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, penye malaria na mbung’o. Hawakurudi Kericho mpaka mwaka wa 1962, na wengi walirudi hawana ardhi.

Zingatia jambo hili. Mtu hakuulizwa ametenda nini. Aliulizwa yu wa ukoo gani, na jibu lake likawa hukumu. Hata mtoto mchanga alipata adhabu kwa ajili ya jina la babu yake.

Leo katika mashamba ya chai, yaliyoanza kupandwa na makampuni miaka ya 1920, Mkipsigis, Mluo, Mgusii na Mluhya huulizana kwa Kiswahili, “Watu wa nyumbani hawajambo?” Swali hilo ni jema, nawe usiache kuliuliza. Ila kila uulizapo jamaa za mtu, uliza ili umkaribishe, wala usiulize ili umhukumu.