Kuba za Kilwa na hesabu ya mzingo

Anayevuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko hadi Kilwa Kisiwani hukutana na duara kila anapogeuka: kuba za Msikiti Mkuu, kuba za msikiti mdogo wa karne ya 15, na kumbukumbu ya sarafu za shaba zilizopigwa papo hapo kwa majina ya masultani.

Fundi wa duara huanza na kigingi na kamba. Urefu wa kamba ndio nusu kipenyo. Kazi ngumu ni kujua mapema ukingo utakuwa na urefu gani, maana kuchoma chokaa ya matumbawe hula kuni nyingi, na jiwe la kuchongwa halipotezwi ovyo.

Jibu lilikuwapo zamani. Archimedes wa Syracuse, katika karne ya 3 KK, alionyesha kwamba mzingo ni kipenyo mara 3 na ziada kidogo isiyofika 1/7. Al-Khwarizmi aliyeandika Baghdad katika karne ya 9 akatumia 3 na 1/7, yaani 22/7, kwa kazi za kila siku. Basi kamba ikiwa dhiraa 7, kipenyo ni 14 na mzingo ni 44. Nusu kipenyo mara mbili, kisha mara 22/7: hesabu nzima ni hiyo.

Njia ya kuifikia inaonekana kwa macho Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala wakati msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331. Humo mna birika la kuogea lenye pande nane. Chora umbo la pande nane zilizo sawa ndani ya duara la kamba ya 7: pande zake zikijumlishwa hazifiki 43. Ziongeze ziwe 16, kisha 32, nazo zitausogelea ukingo hadi jicho lishindwe kuzitenganisha.

Mwaka 1424, Sulaiman bin Muhammad akiwa sultani wa Kilwa, al-Kashi wa Samarkand aliifuata njia hiyo mpaka umbo la pande zaidi ya milioni 800. Alipata uwiano wa mzingo na nusu kipenyo kwa usahihi wa tarakimu 16 baada ya nukta. Miaka mitatu baadaye alimaliza kitabu cha hesabu ambamo aliwafundisha wajenzi kupima matao na kuba. Ni jambo la kupendeza sana kwamba mtaalamu mkubwa hivyo hakuona haya kumhudumia fundi wa chokaa.

Walimu wa Kilwa na Lindi, wapelekeni watoto ufukweni maji yakipwa. Wachomeke kijiti mchangani, wafunge kamba ya nyayo 7, wachore duara, kisha mmoja wao aufuate ukingo kisigino kwa kidole. Atahesabu nyayo 44.