Duka, Mizani na Habari Mjini Mwanza

Mwaka 1892 Wadachi waliweka boma Mwanza, na mji ukakua kwa pamba na meli za Ziwa. Reli ya kutoka Tabora ilipofika mwaka 1928, bidhaa zilizidi madukani. Lakini kilichokuwa adimu kuliko kaniki na sukari kilikuwa habari. Mnunuzi alijua bei ya pamba ya ng'ambo. Mkulima wa Kisukuma alikuwa na neno la mwenye mizani tu. Gazeti la serikali, Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, lilitoka mara moja kwa mwezi: halikuweza kumpa bei ya asubuhi ile, sembuse uzito wa mzigo wake.

Basi watu walijitafutia dawa. Mwaka 1947 Paul Bomani alishika ukatibu wa ushirika wa wafanya biashara Waafrika wa Mwanza. Mwaka 1952 kikaundwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa. Wakulima wakaweka watu wao wasimame kando ya mizani na kuisoma.

Katika miaka ya 1990 Mwanza ilipata Radio Free Africa, na habari zikaanza kutoka ziwani kwenda nchini kote. Lakini redio haipimi pamba; mizani yataka bado mtu wa kuisimamia.