Mlazwa wa Amri Si Mhalifu

Tangu Bunge la Tanzania likifanye Kiswahili kuwa lugha ya sheria mwaka 2021, istilahi mbovu haiishii tena kwenye rasimu. Inaingia katika hukumu na katika faili la mgonjwa. Ndiyo maana siwezi kulinyamazia neno "mhalifu mwendawazimu".

Waliolitunga walifuata Kiingereza cha mkoloni neno kwa neno, wakaisahau sheria yenyewe. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai, Sura ya 20, inasema kwamba mshtakiwa aliyetenda kitendo kwa sababu ya wazimu hana hatia. Mhalifu ni aliyehalifu, yaani aliyekwenda kinyume na amri. Hiyo ndiyo maana ya asili yake ya Kiarabu. Mahakama ikishatamka kwamba mtu hana hatia, mtafsiri ametoa wapi mamlaka ya kumrudishia uhalifu? Na wazimu ni ndugu wa mzimu: neno linamkabidhi mgonjwa kwa mizimu, ilhali hakimu amempeleka kwa daktari.

Nilipendekeza "mlazwa wa amri" mbele ya wanaojiita walinzi wa istilahi, nao hawakunijibu hata kwa mstari mmoja. Nalirudia hapa. Funga, fungwa, mfungwa. Laza, lazwa, mlazwa. Ile -w- inatangaza kwamba huyu hakujifunga wala hakujilaza: ametendewa. "Mahabusu" nalo, katika Kiarabu, ni aliyefungwa tu, sawasawa na mfungwa. Wasemaji wetu ndio walioyatenganisha, mmoja akawa anangoja hukumu, mwingine anatumikia kifungo, na hawakuhitaji kamati. Lugha iliyoweza hilo haishindwi kumpa jina mtu wa tatu, ambaye mlango umefungwa nyuma yake lakini kilichomfikisha hapo ni maradhi.

Wapo wanaodai kwamba kila anayelala wodini ni mlazwa. Kweli, na kazi ya "wa amri" ni hiyohiyo: kumtofautisha na yule aliyeletwa na nduguze, kwa kuwa huyu hata akipata nafuu daktari hawezi kumruhusu kwa uamuzi wake mwenyewe. Wengine wanang'ang'ania "mgonjwa wa afya ya akili". Afya si maradhi. Hakuna anayeugua afya. Kosa hilo limekaririwa kwenye warsha nyingi kiasi kwamba anayelisahihisha ndiye anayeonekana mkorofi.

Matumizi ni mepesi. Mshtakiwa aliyepelekwa katika taasisi ya wagonjwa wa akili ya Isanga, Dodoma, ambako mahakama inatarajia taarifa ya daktari ndani ya siku 42, ni mlazwa wa amri ya uchunguzi. Aliyeonekana hana hatia kwa sababu ya ugonjwa ni mlazwa wa amri ya hifadhi. Mfungwa aliyeugua gerezani akahamishiwa hospitali abaki kuitwa mfungwa mgonjwa, maana hukumu yake ipo palepale.