Neno Kutubu, na Jinsi Lilivyofahamiwa katika Ugogo

Nakusudia katika maneno haya machache kueleza habari za neno moja, yaani kutubu, tangu lilipofika Ugogo hata siku za ule Uamsho uliotoka Ruanda. Sababu ya kuandika ni hii: sisi walimu twalitumia neno hili kila juma, na wanafunzi hulieleza vizuri wakiulizwa katika katekisimu, walakini ukiwauliza mtu aliyetubu amefanya nini hasa, majibu hupungua.

Neno lenyewe si la Kibantu. Limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni kurudi. Nalo lapatana vema na lile la Kiebrania walilotumia manabii, la kugeuka na kurejea. Neno la Kiyunani lataja zaidi kugeuka kwa nia. Watu wa pwani walikuwa nalo zamani, na Askofu Steere na wenzake walilikuta tayari walipofasiri Maandiko. Biblia nzima ya Kiswahili ilipigwa chapa mwaka 1891. Basi lilipopanda bara pamoja na wamisionari wa C.M.S., waliokaa Mpwapwa tangu mwaka 1878, lilikuwa geni mara mbili, neno la pwani katika vinywa vya Wazungu.

Wagogo nao hawakuwa watupu. Wazee husema habari za mbeho, neno ambalo kwa kawaida ni upepo au baridi, lakini katika mambo ya ibada ni hali ya nchi na watu wake, ama njema ama mbaya. Ng'ombe waliposhikwa na maradhi ilijulikana kwamba hali imeharibika. Ndipo wanawake walipovaa mavazi ya wanaume, wakashika silaha na fimbo zao, wakacheza kwa ukali, na kuusukuma ubaya ule hata mpakani, upande wa machweo, wakautupa huko. Mtu asiyeifahamu desturi hii aweza kuicheka. Mimi siicheki, maana walijua kwamba ubaya haukai kwa mtu mmoja tu, bali huugusa mji mzima na mifugo yake. Lakini katika ngoma ile hapakuwa na aliyesimama na kusema, "Ni mimi." Tena mtu aliyemkosa jirani yake alihukumiwa na wazee akalipa mifugo, na akiisha kulipa hakuulizwa habari za moyo wake. Hivyo kutakasa kulikuwa na njia yake, na kulipa kulikuwa na njia yake, wala njia hizi mbili hazikukutana.

Misioni ilileta njia ya tatu, ndiyo ya darasa. Kuingia dini kuliitwa kusoma, na katika Uganda Wakristo wa kwanza waliitwa wasomaji. Mtu alijifunza, akabatizwa, jina lake likaandikwa kitabuni. Akianguka alitengwa, na baadaye akaungama na kurudishwa. Utaratibu huu ulikuwa na faida nyingi, nami nimelelewa katika huo. Hatari yake ni kwamba toba iliweza kuwa jambo la kitabu cha kanisa, hata mtu akahesabu miezi ya kutengwa kama mfungwa ahesabuvyo kifungo.

Mwaka 1929 daktari Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi Gahini katika Ruanda, alikutana na Simeoni Nsibambi katika kilima cha Namirembe, nao wakasoma Maandiko pamoja na kuomba. Katika miaka ya 1930 moto ule uliwaka Gahini, ukafika Uganda na Kenya, kisha ukaingia Tanganyika kwa upande wa magharibi ya Ziwa, hata ukafika dayosisi ya Central Tanganyika, iliyoanzishwa mwaka 1927 chini ya Askofu Chambers. Katika Dodoma yenyewe Festo Kivengere, mtu wa Kigezi, alifundisha shule mpaka mwaka 1959, naye alikuwa mmoja wa watu hao.

Watu hao waliitwa walokole, kwa neno la Kiganda lililo ndugu wa okoka letu. Na hapa sarufi ina neno la kutuambia. Kuokolewa humtaja mwokozi, hata asipotamkwa; kuokoka huonyesha hali aliyo nayo mtu. Basi mtu aliposimama na kusema, "Nimeokoka," mapadre wengi walikasirika: je, aliyebatizwa hajaokoka? Ugomvi huu haukuwa mdogo. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha Mukono, na William Nagenda alikuwa mmojawapo. Kwa maoni yangu mapadre walikuwa na haki kuogopa kiburi, na tena maungamo mengine yalitaja mambo yasiyopasa kusikiwa na watoto. Lakini walokole waliziunganisha zile njia mbili. Mtu aliungama kwa kinywa chake mbele ya ndugu, kisha akarudisha alichoiba, kama Zakayo. Na Wazungu wengine waliungama kiburi chao mbele ya Waafrika, jambo ambalo darasa halikuwa limelifundisha.

Nami nina habari yangu. Katika mwaka wangu wa kwanza wa ualimu niliandika katika orodha majina ya watoto wasiokuwapo, ili hesabu ipendeze mbele ya mkaguzi. Kosa lilipoonekana, alilaumiwa mwenzangu aliyekuwa msimamizi wa orodha. Kwa muda wa miaka miwili nilimwambia Mungu jambo hilo usiku, na asubuhi nilimwamkia mwenzangu kama kawaida. Hata siku moja nilimwendea nyumbani nikamweleza. Alinyamaza kitambo kirefu, kisha akaniuliza kama nitakuwa tayari kuyasema maneno yale yale mbele ya mwalimu mkuu. Tulikwenda pamoja siku ya pili yake, kabla ya kengele.